Kujipamba kwa namna mbili: Boucher na Chardin
Picha hizi mbili za wachoraji Wafaransa wa karne ya 18, Boucher na Chardin, zilinunuliwa na mtu mmoja, Carl Gustaf Tessin, mwanadiplomasia wa Uswidi jijini Paris, na zote zinahusu kuvaa na kujiandaa.

Ya François Boucher, ya 1742, imejaa vitu. Bibi amekaa karibu na meko, gauni amelipandisha, anafunga utepe wa soksi; mtumishi ametupa mgongo, ameshika kofia. Nyuma kuna kisitiri cha kukunja kilichochorwa ndege kwa mtindo wa Kichina, kando vyombo vya chai, na chini paka anachezea donge la uzi. Hakuna mwenye haraka. Jicho hupotea humo, na nadhani ndivyo Boucher alivyotaka.

Jean-Siméon Chardin, mwaka mmoja kabla, hana anasa hiyo. Chumba kina giza, mshumaa umezimwa sasa hivi na moshi bado unapaa. Mama anamweka binti kofia sawa kabla ya kwenda kanisani. Mtoto katulia, ila macho yameibia pembeni, anajitazama kiooni.

Kwa hariri, Boucher hana mpinzani. Lakini mimi nachukua ya Chardin, kwa yale macho ya mtoto.