Waya za nyumba unayojenga: upi wa kwanza, upi wa kuacha dukani

Wengi wetu Uganda hujenga kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwakani, bati Mungu akijalia. Fundi wa stima huitwa pesa zikiwa zimekwisha, na hapo mtu hununua waya wa bei ya chini huku sebuleni akitundika taa za fahari. Mimi ningefanya kinyume. Taa utaibadilisha siku yoyote. Waya ulioko ndani ya plasta utaishi nao.

Kabla ya waya, nunua paipu. Za ukutani ziingie kabla ya plasta, na za sakafu ya juu kabla zege halijamwagwa. Pitisha ndani yake waya wa kufungia nondo, wa kuvutia baadaye, kisha ziba midomo simenti isiingie. Waya wa umeme wenyewe usubiri mpaka nyumba iwe na milango na kufuli. Wanunuzi wa skrapu hupima shaba kwa kilo, na ikilala usiku mmoja kwenye jengo lililo wazi, asubuhi usiitafute.

Nafasi ya kwanza naupa waya wa shaba halisi unaouzwa mmoja mmoja na kuvutwa ndani ya paipu. Ukiungua miaka kumi baadaye, unavutwa nje na mwingine unaingia bila kubomoa ukuta. Kwa kawaida, milimita za mraba 1.5 ni ya taa, 2.5 ya soketi, 6 ya shawa ya umeme na jiko, na kutoka kwenye mita hadi meni swichi 10 au 16. Kwenye shawa ndipo watu hujidanganya. Shawa ya wati 7,000 kwa volti 240 inavuta karibu ampea 29. Ukiifunga kwenye waya wa 2.5 wenye breka ya ampea 20, breka itakata kila mara, nawe utamwita fundi. Fundi wa haraka haraka ataweka breka ya 40, kelele ziishe. Kumbe breka ile ilikuwa inaulinda waya! Sasa waya unachemka kimya kimya ndani ya ukuta, ganda linalainika, na hakuna cha kuukatia umeme.

Usikubali pia kuondolewa waya wa athi, ule wa kijani na njano, eti kupunguza gharama. Na kwenye meni swichi ongeza ile swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Bei yake inauma, lakini ndiyo inayomwokoa mtoto aliyeshika pasi mbovu.

Wa pili ni waya bapa wenye nyaya mbili na athi ndani ya ganda moja. Darini unafaa na kazi yake ni ya haraka. Ukizikwa moja kwa moja kwenye plasta, hautoki tena bila patasi. Angalia vizuri, maana upo pia wa nyaya mbili bila athi. Huo kwenye soketi haufai.

Wa tatu, redibodi, ule ubao mdogo unaokuja umeshafungwa swichi na soketi. Kwa muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, inatosha: taa, soketi ya simu na redio. Ukifikiria friji na birika la umeme, ipite.

Wa mwisho kabisa ni alumini iliyopakwa shaba, inayouzwa kwa jina la shaba. Muuzaji atakuambia, "Kasitoma, hii ni orijino." Mwambie akukatie ncha, uikwaruze kwa wembe, ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Nyanyua roli pia, kwa sababu hii ni nyepesi sana kuliko shaba. Inapitisha umeme kwa karibu thuluthi mbili tu ya uwezo wa shaba, kwa hiyo inapata joto mapema, na kwenye skrubu za soketi hulegea au kukatika. Tafuta alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye roli, lakini wembe usiuache nyumbani.

Ukiwa na ndoto ya sola, mwambie fundi mapema atenganishe taa na soketi kubwa, ili siku betri ikija ichukue taa peke yake. Kuzitenga baadaye ni kuvunja ukuta.

Fundi awe na kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, kwani bila cheti cha fundi huyo UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme lililochukua kazi ya kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, halitakufungia Yaka, yaani mita ya kulipia kabla. Aandike orodha ya vifaa, ila dukani mwende wote. Fundi anayekwenda peke yake mara nyingine hupewa kitu kidogo na muuzaji, na hicho kidogo kimo ndani ya bei yako.