Kijiti cha simenti kwa kucha kali za kasuku: uzoefu wangu

Kasuku akikuzoea anataka kukaa juu yako muda wote: begani, mkononi, kifuani. Raha tupu, isipokuwa kwamba kila anapohama anakuachia alama. Domo, kasuku wangu wa kijivu, ni mpole sana, lakini mikono yangu ilijaa mikwaruzo na fulana zangu zilikuwa zikivutwa nyuzi moja moja. Ndipo nikanunua kile kijiti cha simenti kinachofungwa ndani ya tundu ili ndege ajisugue kucha mwenyewe. Nimekitumia vya kutosha sasa, nimekijua uzuri wake na udhaifu wake.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya: ukucha mrefu na ukucha mkali. Msimamishe ndege wako juu ya meza bapa, uinamie umtazame miguu kwa upande. Ukucha uliozidi urefu hunyanyua kidole, kikawa hakilali vizuri juu ya meza. Kama vidole vimelala sawasawa lakini bado unachomwa, shida yako ni ncha tu. Domo alikuwa na shida hiyo ya pili, na ndiyo ambayo kijiti hiki kinaiweza. Mwenye ndege ambaye kucha zake zimeshaanza kujikunja akikinunua akitarajia muujiza, atakilaumu bure.

Chenyewe ni simenti iliyofinyangwa kuzunguka bolti. Mwisho wake kuna washa na nati ya kukibana kwenye nyaya za tundu. Nilikichagua kwa sababu moja: juu, pale unapokaa wayo, ni laini kidogo, ila ubavuni kinakwaruza. Ndege akikumbatia kijiti, ncha za kucha zinaangukia ubavuni. Kuna vingine vinavyokwaruza pande zote, hivyo sivitaki. Na zile soksi za msasa zinazovalishwa vijiti vya kawaida ningependa ziondolewe kabisa sokoni: zinachubua nyayo, na wayo wa ndege ukishachubuka vidonda havichezi mbali. Basi hata kwa kijiti hiki cha simenti, huwa namgeuza Domo nikague chini ya miguu. Ngozi ya wayo wenye afya ina vipele vidogo vidogo unavyoviona vizuri mwanga ukipita kwa upande. Mahali palipoanza kuwa pekundu, au pakalainika na kung'aa huku vile vipele vimefutika, ndipo kidonda kinapoanzia, na hapo kijiti kinatoka siku hiyohiyo.

Unene ni jambo la kupima, si la kukisia. Kikiwa chembamba sana, vidole vinazunguka mpaka vinakutana na kucha zinaning'inia hewani, hazigusi kitu. Kikiwa kinene kupita kiasi, mguu unatanuka na ndege hashiki vizuri. Kinachofaa ni kile ambacho vidole vinakizunguka kama theluthi mbili hivi, ncha zikagusa. Kwa hiyo kinachomfaa kasuku wa kijivu hakimfai ndege mdogo, hata kama kifungashio kimeandikwa kwamba kinafaa kwa kasuku wote.

Lakini kuliko yote, kazi ya kijiti hiki inategemea umekifunga wapi. Kasuku hupenda kulala mahali pa juu kabisa pa tundu. Ukikiweka huko, atalala usiku kucha juu ya simenti ngumu, nyayo zitaumia na kucha hazitapungua, maana aliyelala hatembei. Mimi nimekifunga mbele ya bakuli la chakula. Hapo Domo anapita, anasimama, anageuka, anachukua punje, anarudi, na kila hatua inasugua kidogo. Kulala analala kwenye tawi la kawaida la mti, lenye magamba na unene usiolingana, sehemu nyembamba na sehemu nene, na hilo nalo linapumzisha miguu. Simenti isiwe kituo pekee ndani ya tundu.

Siku za mwanzo hakukigusa. Alikuwa akinyoosha shingo juu yake kufikia chakula, mguu mmoja kwenye nyaya, ukaidi mtupu. Nikamwacha. Baadaye alikigundua kwa mdomo kabla ya miguu: akishakula anaufuta mdomo kwenye simenti, upande huu na upande ule, kwa bidii ya mtu anayenoa kisu. Miguu ikafuata. Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Nilishtukia tu kwamba nimekaa naye mkononi muda mrefu bila kukunja uso. Nikitazama kwa karibu, ncha iliyokuwa nyembamba imekuwa butu, yenye kijiduara kidogo mwishoni. Fulana pia zimepona.

Sasa udhaifu. Kasuku ana vidole viwili mbele na viwili nyuma, na kile kifupi cha nyuma, cha upande wa ndani, hakisuguliwi ipasavyo. Ukucha wake kwa Domo bado unahitaji mkono wa mtu. Hapo natumia tupa ya kawaida ya kucha, yeye akiwa amekaa ananing'iniza mguu nje ya nyaya, namsugua mara chache na kumpa mbegu ya alizeti. Mashine ndogo ya kusagia nayo inafanya kazi, ila ina kelele na inachemsha ukucha ukiikandamiza, kwa hiyo inataka ndege aliyezoeshwa sauti yake kwanza.

Kukata kwa kikata kucha namwachia daktari wa mifugo anayejua ndege. Ndani ya ukucha kuna mshipa wa damu na neva. Kwenye ukucha mweupe unauona ukiwa wa waridi, lakini kucha za kasuku wa kijivu ni nyeusi ti, kwa hiyo unakata gizani. Nyumbani ninao unga maalumu wa kuzuia damu, kwa tahadhari. Usipokuwepo, unga wa mahindi uliosagwa laini ukigandamizwa kwenye ncha husaidia. Damu ikigoma kukatika ni safari ya kwa daktari.

Lililonifungua macho pale kwa daktari ni namna ya kumshika. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Anapumua kwa kusukuma kidari mbele na nyuma. Ukimbana kifua kwa taulo ili atulie, atatulia kweli, kwa kukosa pumzi. Taulo inamzunguka mabawa bila kumkaba, vidole vinadhibiti kichwa pembeni mwa taya, na kifua kinaachwa huru. Daktari alinionya pia kwamba kucha zinazorefuka ghafla na kupita kawaida zinaweza kuwa dalili ya ini linalougua, hasa kwa ndege anayelishwa mbegu za mafuta peke yake. Hiyo haisuguliki kwa simenti.

Na usitamani kucha ziwe butu kabisa. Kasuku anapanda kwa kucha. Zikiisha makali yote, anateleza, na anayeanguka kifudifudi juu ya sakafu ngumu anaweza kupasuka ngozi ya kidari. Ndege wachanga ambao bado wanajifunza kutua wanahitaji ncha zao zaidi kuliko sisi tunavyohitaji ngozi nzuri.

Kwa jumla ninakipa nyota nne. Ile ya tano imekwenda na nati: inakaa nje ya tundu, lakini mdomo unapenya katikati ya nyaya, na Domo ameshajifunza kuilegeza mpaka kijiti kinazunguka chini ya miguu yake. Nimeibana kwa spana nikaongeza nati ya pili juu yake. Hiyo bado anaishughulikia.