Spoketi ya kupandia mlima: kagua tundu kabla hujatoa hela

Pikipiki yangu ina kazi moja, kushusha kabichi na karoti Mombo na kurudi Lushoto na mbolea, na mnaoijua ile barabara ya Soni mnajua kurudi ndo shughuli. Gia ya tatu inakoroma, ukirudisha ya pili inapiga kelele tu na haisogei. Fundi akanambia toa spoketi ya mbele, lile duara la meno linalovuta cheni, ya meno 14 weka ya 13. Ushauri ulikuwa sahihi kabisa, mi ndo nikaharibu, nikashuka Tanga nikanunua ya elfu tano na miezi miwili baadae tunapasua injini.

Ntafika huko, kwanza hesabu. Spoketi ya nyuma ina meno 42, gawa kwa 14 unapata 3, yaani shafti, ule mhimili unaotoka kwenye injini na kuvaa spoketi ya mbele, inazunguka mara tatu ndo tairi lizunguke mara moja. Ukiweka 13 inakuwa 3.23, nguvu ya kupanda inaongezeka kama asilimia 8 na spidi ya kila gia inashuka karibu hivohivo. Ukiwa 60 injini inazunguka kama vile uko 65, kwa hiyo kwenye tambarare mafuta yatakwenda, usije ukanilaumu. Spidimita haitadanganya kama kebo yake inatoka tairi la mbele, na hizi ndogo zetu nyingi ziko hivo.

Namba moja kwangu ni hiyohiyo, jino moja mbele, 13, na chukua Rolon ya India. Ndio napendelea, sijalipwa na mtu, nimeshafunga mbili na zote ziliingia kwenye shafti kama zimezaliwa nayo. Cheni inabaki ileile, unavuta tairi nyuma milimita tatu hivi basi. Ubaya wake cheni inajikunja zaidi kwenye duara dogo, inachakaa mapema na inasugua ile raba inayokinga uma wa nyuma, vile vyuma vinavyoshika tairi la nyuma, kwa hiyo iangalie. Na kama cheni yenyewe ukiivuta kwa nyuma inanyanyuka mpaka unaona nusu ya jino, hiyo imekufa, usiifungie spoketi mpya, itaila.

Namba mbili, 45 nyuma. Ukigawa kwa 14 ni 3.21, mlimani hutaona tofauti na ile ya kwanza, na raba inapona. Ila cheni yako ya zamani huenda isifike, itabidi uongeze pingili, ndo maana nasema subiri siku unanunua seti nzima. 15 mbele waachieni wanaokimbia Segera peke yao bila mzigo.

Za elfu tano zipo, utaziona.

Sasa tundu, lile la katikati ya spoketi linalovaa shafti. Kila mtu anahesabu meno ya nje, anauliza kama ni ya cheni ya saizi 428, anapiga chuma kwa kucha asikie mlio, hakuna anayeangalia meno ya ndani, yale yanayoshika shafti. Ile yangu ilikuwa na pleyi, nikiizungusha kwa mkono inagonga kushoto, inagonga kulia. Muuzaji akasema ikifungwa inakaa. Haikai! Kile kibati chenye bolti mbili kazi yake ni kuzuia spoketi isichomoke, hakiikazi. Kila ukiachia mafuta na kuvuta tena inagonga shafti, na shafti ndo inaliwa, mpaka siku spoketi inazunguka yenyewe shafti imesimama, na mi siku hiyo nilikuwa kwenye kona juu ya Soni na mifuko miwili ya mbolea. Shafti haitoki bila kupasua injini. Fundi mwingine akataka kuichomelea spoketi palepale, nikamkatalia, ule moto unaunguza oili sili halafu siku ya kubadilisha tena unafanyaje?

Kwa hiyo nenda na pikipiki dukani, fungua kava, ivishe kwa mkono kabla ya kulipa. Ikicheza ndani na nje kidogo ni kawaida. Ikizunguka hata kidogo bila shafti kuzunguka, rudisha, ila kwanza hakikisha shafti yako ni nzima, kama ile ya zamani nayo ilikuwa inacheza basi mgonjwa sio spoketi.

Na wauzaji, jamani. Ukitaka ya mbele peke yake hauziwi, mpaka seti. Kila kitu ni orijino, hata kilichofungwa kwenye gazeti. Mi nikiingia bei inapanda, akiingia kijana wa bodaboda bei inashuka, spoketi ni ileile niliyoishika mkononi, na nikisema naomba niivishe kwanza ananiangalia kama nimeomba kuonja chumvi dukani.

Mnaouliza kuhusu 12: raba yenu ya uma mnunue kabisa mbili.