Kumwogesha mbwa mweupe wa manyoya mengi: anza kununua hiki, kile baadaye

Ukipata mbwa mweupe wa manyoya, Maltese au Japanese Spitz, safari ya kwanza dukani huwa ni ya shampuu. Na mimi nilianza hivyo. Leo shampuu naiweka namba mbili.

Namba moja ni brashi ya sindano pamoja na chanuo la chuma. Brashi ni ile bapa, yenye meno ya waya yaliyopinda kidogo nchani. Kazi yake kufungua manyoya. Chanuo ndilo linalosema ukweli. Lipitishe kuanzia kwenye ngozi: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo. Likikwama, hapo pana fundo, na fundo likilowa linakaza kama kamba ya katani. Ndiyo maana mbwa huchanwa kwanza, maji baadaye. Kabla hujalipa, pitisha brashi taratibu ndani ya mkono wako, karibu na kiganja. Ikikukwaruza wewe, itamkwaruza na yeye. Chanuo la plastiki liache, linapinda na kuruka mafundo.

Namba mbili, shampuu ya mbwa. Ngozi yetu ina pH (kipimo cha uchachu) ya karibu 5.5, ya mbwa inakaribia 7, kwa hiyo shampuu yetu si yake. Sabuni ya kufulia ndiyo mbaya zaidi. Mbwa wangu, Pamba, nilimwosha siku moja kwa sabuni ya mche, akajikuna wiki nzima, tumbo jekundu. Shampuu ya zambarau inapunguza umanjano wa manyoya, lakini haiondoi ile michirizi ya rangi ya kutu chini ya macho. Hiyo inatokana na machozi. Futa kila siku kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Jiki usiiguse kabisa, wala ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka kama maziwa ukiitia majini.

Kabla ya kulipia chupa ya bei kubwa, angalia maji yako. Wengi wetu hapa Dar tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Povu halitoki vizuri, na manyoya yanabaki mazito, yananata. Oshea hayo ukipenda, ila tenga ndoo mbili za maji ya bomba au ya mvua za kusuuzia mwisho. Ndoo hizo zimemng'arisha Pamba kuliko shampuu yoyote niliyonunua.

Namba tatu, vya kukaushia. Kwa unyevu wa hapa, hasa masika, manyoya hukauka juu huku chini yakiwa bado mabichi. Kesho yake mbwa ananuka uvundo, keshokutwa ana vidonda. Chagua taulo nene za mtumba pale Karume, tatu au nne. Gandamiza, usisugue, maana kusugua kunasokota mafundo mapya. Kisha mweke mbele ya feni ukimchana hadi ngozi iwe kavu. Draya ya wati 2,000 ikiwaka nusu saa inakula uniti nzima ya LUKU, na moto wake unaweza kumchoma.

Dawa ya kupe mwulize daktari wa mifugo, ukimtajia uzito wa mbwa. Ile ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho. Na kama mna paka ndani, soma lebo: permethrin, dawa ya kupe inayovumiliwa na mbwa, inaua paka.

Mashine ya kunyoa ni ya mwisho, na kwa Spitz usinunue kabisa. Manyoya yake ni tabaka mbili. Ukiyanyoa yanaweza kuota vibaya, na ngozi ile ya waridi itaungua na jua. Maltese nywele zake hazikomi kukua, lakini naye mkasi wenye ncha butu unamtosha: kuzunguka macho, katikati ya vidole, na chini ya mkia.