Glasi za Kila Siku kwa Nyumba za Nyanda za Juu: Ipi Inunuliwe Kwanza

Katika nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, glasi ile ile iliyonywewa maji mchana ndiyo humiminiwa chai asubuhi inayofuata, na asubuhi za Juni na Julai vyombo vya kabatini huwa vya baridi kweli kweli. Kwa hiyo mnunuzi wa huku hana budi kujiuliza kwanza glasi itatiwa nini, kisha ndipo aangalie maua na rangi.

Kioo kikimiminiwa kitu cha moto, upande wa ndani hutanuka upesi huku wa nje ukiwa bado baridi, na mvutano huo ndio unaokipasua. Ni kweli kwamba mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi joto 100, lakini nafuu hiyo ni ndogo mno. Kitako kinene nacho huongeza hatari, kwa kuwa joto huchelewa kukipenya, na ndiyo sababu glasi nzito inayoonekana imara dukani hukatika mduara mzima kwa chini siku ya kwanza ya chai.

Nafasi ya kwanza naipa glasi ya kioo kilichokazwa kwa joto. Kioo hicho hupashwa moto kupita nyuzi joto 600, kisha hupozwa ghafla kwa hewa, hata ngozi yake ya nje ikabanana na kuwa imara kuliko ya kioo cha kawaida, hivyo hustahimili chai ya moto na maji ya baridi. Inayojulikana zaidi ni Duralex ya Ufaransa, ambayo muundo wake wa Picardie, wenye pande bapa zinazoshikika vizuri hata kwa mkono wenye sabuni, ulianza kuuzwa mwaka 1954. Ikivunjika husambaratika vipande vidogo vidogo, jambo lenye maana kubwa penye watoto wanaotembea pekupeku. Jina la kiwanda huwa limechapwa kitakoni. Lisomwe kabla ya kulipa. Isisuguliwe kwa stilwaya wala mchanga, kwani mkwaruzo mkubwa huondoa ule uimara wote.

Ya pili ni glasi ya kawaida ya kioo kinene, kwa maji, juisi na togwa tu. Ni ya bei nafuu, na hapa jicho la mnunuzi ndilo linaloamua, maana katika seti moja ya sita, iwe ya soko la Mwanjelwa mjini Mbeya au ya Soko Kuu la Iringa, zinaweza kuwamo mbili mbovu. Fungua boksi, simamisha kila glasi mezani uone kama inayumba, ielekeze kwenye mwanga utafute mapovu na nyufa nyembamba, halafu pitisha kidole polepole kwenye mdomo wake. Pakikwaruza hata kidogo, irudishe, kwa sababu ufa mwingi huanzia hapo. Mdomo uliolainishwa vizuri na kioo kisicho na ukungu vinapendeza kuliko mapambo yoyote yaliyobandikwa.

Glasi nyembamba za borosilikati, yaani aina ya kioo kinachostahimili joto, nimeziweka nafasi ya tatu, ingawa kwa chai pekee ningezipandisha. Kioo chake hutanuka kiasi cha theluthi moja tu ya kioo cha kawaida, hivyo hustahimili chai ya moto, na rangi ya chai ya Mufindi au Tukuyu huonekana humo kwa uzuri usiofichika. Udhaifu wake ni wembamba: ikigongana na sufuria kwenye beseni, mara nyingi huo ndio mwisho wake.

Za mwisho ni zenye ukingo wa dhahabu, ambao hufifia kwa kusuguliwa na haufai kuingia kwenye maikrowevu. Za plastiki huchubuka upesi na kushika harufu, zitumike safarini.

Ukiweza, chagua muundo unaouzwa pia moja moja, ili ikivunjika moja usilazimike kununua seti nzima. Kama unazipanga moja ndani ya nyingine na zikanasa, usizivute kwa nguvu: tia maji baridi katika ya ndani, ichovye ya nje katika maji ya uvuguvugu, nazo zitaachana.