Koleo, kamba na misumari ya barafu: kipi utakifikia kwa mkono mmoja?

Hamjambo nyote, karibuni tena. Mtego huu mnaouona mezani ni namba 330, na kabla hamjashtuka, tazameni hapa: ndoano za springi zote mbili zimefungwa, na katikati ya taya nimepachika kibano cha usalama. Umelala. Ni mtego wa biva, yule mnyama mgugunaji anayejenga mabwawa mitoni, na fisi maji; taya zake zina upana wa kama sentimita 25, na ukifyatuka hauulizi umemnasa nani.

Swali mnaloniuliza kila wiki ni hili: koleo la kutegea lina maana, au ni kutupa hela? Nimelitumia hili msimu mzima, pamoja na hizi glavu ndefu, hii misumari ya barafu ya kuvaa shingoni, na kipande cha kamba ambacho ndicho kitu rahisi kuliko vyote hapa. Kipimo changu ni kimoja. Uko peke yako porini, mkono mmoja umenaswa au umekufa ganzi. Kifaa unakifikia? Na ukikifikia, kinafanya kazi?

Tuanze na koleo. Mikono yake ni mirefu, na huo urefu ndio unaokufanyia kazi. Springi ambayo kwa mikono mitupu inanitoa jasho kwenye baridi kali, hapa naibana kama limau. Ncha zinaingia kwenye pete za springi, unabana, unatia ndoano, basi. Hizi zimekunjwa kwa ndani kidogo, kwa hiyo hazichomoki ovyo. Nimelipenda, sifichi.

Lakini linataka mikono miwili. Hilo nililijua vizuri siku mtego uliponifyatukia kwenye kifundo cha mkono. Kosa lilikuwa langu: niliharakisha kutoa kibano kabla sijautuliza mtego mahali pake. Koleo lilikuwa kwenye sledi, kile kigari cha kuburuta kwenye theluji, hatua nne nyuma yangu. Hatua nne tu! Ila mtego ulikuwa tayari umefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na nguzo imesimama ndani ya barafu. Hata hilo koleo lingekuwa mapajani, ningelibana na nini?

Kilichonitoa ni hii kamba. Ina urefu wa mita moja na nusu hivi, na mwishoni ina kitanzi. Kitanzi unakivalisha kwenye buti. Ncha ya pili unaipitisha kwenye pete zote mbili za springi, halafu unairudisha tena kwenye pete ya kwanza. Unakanyaga chini, unavuta juu. Pete zinakaribiana, kidole kimoja kinasukuma ndoano, springi ya kwanza imekwisha. Unahamia ya pili. Kueleza ni rahisi. Siku ile nilikosea kupitisha kamba mara mbili, kwa sababu sikuwa nimewahi kufanya mazoezi hata mara moja. Zamani nilikuwa naiweka mfuko wa kushoto, kwa kuwa mimi hutega kwa mkono wa kulia. Siku hizi naifunga kiunoni. Mtego hauna mkono unaoupendelea.

Twende kwenye barafu. Hivi ni vishikio viwili, kila kimoja na msumari wake, na uzi unapita shingoni. Mtegaji wa biva ndiye hasa anayevihitaji, maana mnyama mwenyewe anakuharibia njia: karibu na nyumba yake, kwenye bwawa, na pale anapopita kila siku, barafu huwa nyembamba kuliko kwingine hata kama juu inaonekana sawa. Ya kutembea kwa miguu inatakiwa angalau sentimita 10 za barafu angavu. Ile nyeupe ina nguvu kama nusu ya hiyo. Ukizama, dakika ya kwanza yote ni ya kutuliza pumzi. Baada ya hapo una kama dakika 10 za misuli inayokutii. Kuzimia kwa baridi huja baadaye sana, hata saa nzima, kwa hiyo kinachoua mapema ni vidole kukataa kushika. Geukia ulikotokea, kwa sababu barafu ile ilikubeba. Choma misumari, piga miguu kama unaogelea, ukishatoka usisimame, jiviringishe.

Niliijaribu ukingoni, maji ya kiunoni, mwenzangu ameshika kamba niliyojifunga. Inashika vizuri sana. Kasoro ni hivi vifuniko vya plastiki: vinabana mno. Nikiwa na glavu nilishindwa kuvitoa mara mbili. Ikabidi nivikwangue ndani kwa kisu. Anayeviuza ajaribu kuvifungua na vidole vilivyoganda, tuone.

Glavu sina maneno mengi. Zinafika begani, hazivuji, ila usichune nazo, ni nene. Kuchuna vaa zile nyembamba za mpira. Biva, maskrati (panya wakubwa wa majini) na sungura hubeba bakteria wa tularemia, ugonjwa unaoambukiza binadamu, na mkwaruzo mdogo tu kwenye kidole unawatosha.

Kwa hiyo koleo nunua, kwa ajili ya kutegea. Misumari nunua, kisha shughulikia vifuniko. Kamba huenda unayo tayari nyumbani.

Sasa ngoja nisogeze kamera. Natoa kibano, nafungua ndoano, na hii fimbo ndiyo mkono wangu wa kulia. Walio na watoto karibu, punguzeni sauti kidogo.

Mmeusikia? Ona ulivyoing'ata. Mnyororo uko kwenye nguzo ya meza, mkono wa kulia nimeuweka mgongoni, kamba iko kiunoni. Anzeni kuhesabu.