Nimelaza wagonjwa hospitali ya misheni na ya mtu binafsi ndani ya miezi mitatu, haya ndo niliyoyaona

Naandika hii bili zote mbili ziko mezani mbele yangu, nikisubiri wiki nitasahau. Mwezi wa tatu mzee wangu alifanyiwa operesheni ya tezi dume hospitali ya misheni huko kwetu Nyanda za Juu, halafu mwezi wa sita mke wangu akajifungua kwa operesheni hapa Dar, hospitali ya mtu binafsi, zile za vioo na AC mpaka korido. Majina sitaji, sitaki kesi.

Tuanze na ya vioo. Mapokezi nyota tano, hakuna ubishi. Hujakaa vizuri dada kashakuletea maji, ila swali lake la kwanza ni "bima au keshi?" hata kabla hajauliza mgonjwa anaumwa nini. Wodi safi, chakula kinalika, ukibonyeza kengele nesi anakuja kweli tena anatabasamu. Mke wangu mpaka leo anawasifia na mimi sibishani na mtu aliyetoka kupasuliwa.

Sasa bili. Kurasa nne. Glovu zimehesabiwa pea kwa pea, pamba kivyake, "kumuona daktari" mara sita ndani ya siku tatu, na moja ya hizo naikumbuka vizuri maana nilikuwepo, alichungulia tu mlangoni na simu sikioni akauliza "mama anaendeleaje" akapita, hiyo nayo imo kwenye bili. Mtoto kapimwa vitu ambavyo nilipouliza vya nini nikaambiwa ni utaratibu wetu. Bima ya kazini ina ukomo wa uzazi, ukomo ukaisha siku ya pili, kilichobaki nikatoa mfukoni.

Madaktari wa pale siwasemi vibaya lakini. Mmoja nilipiga naye stori kantini, akaniambia mabingwa wengi pale ni wa kuja na kuondoka, wanalipwa kwa idadi ya wagonjwa, na tajiri mwenye hospitali kakopa benki kununua mashine ya CT scan, sasa mashine isipopiga picha riba yenyewe hailali. Hapo ndo nikaelewa. Hospitali ya mtu ni kama daladala ya mtu, dereva anaweza kuwa muungwana kabisa ila hesabu ya bosi lazima ifike jioni.

Misheni sasa. Tulikaa benchi toka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya kule mnaijua, saa moja na nusu watumishi wakaimba na kusali kwanza ndo dirisha likafunguliwa. Shuka tulibeba kutoka nyumbani, chakula dada yangu alipika kwenye jiko la wauguzaji nyuma ya wodi, kuni mnachangishana, na mama mmoja wa kitanda cha jirani alitufundisha kuficha sufuria maana zinatembea. Choo sitaki kukiongelea. Usiku nesi mmoja wodi nzima, ukimwita anakwambia "subiri baba, mikono ninayo miwili tu."

Ila bili ilikuwa ukurasa mmoja. Operesheni bei moja ya jumla, kitanda, dawa, vipimo viwili, basi, na bei zenyewe zimebandikwa ukutani pale dirishani kila mtu anasoma. Mzee wa kitanda cha pili hakuwa na hela, akapelekwa kwa mtu wa ustawi wa jamii wakaandikishana alipe kidogokidogo akishauza mahindi. Sio bure jamani! Watu wakisikia hospitali ya misheni ni "isiyo ya faida" wanadhani ni bure, getini misheni napo kuna mlinzi na napo anataka kikaratasi chenye mhuri wa kashia.

Kinachotofautisha ni ile hela inayobaki inaenda wapi. Hospitali isiyo ya faida inaruhusiwa kabisa kubakiwa na hela mwisho wa mwaka, ila hakuna mwenye hisa wa kugawiwa, inatakiwa irudi humohumo kwenye dawa, majengo, mishahara. Kule kwetu kuna wodi ya gredi ya kwanza, ina TV na maji ya moto, wanaolala humo ndo wanasaidia kubeba wodi ya kawaida. Tena serikali ina mkono wake, wilaya haikuwa na hospitali ya serikali kwa hiyo hiyo ya misheni ikafanywa hospitali teule ya wilaya, na baadhi ya madaktari mshahara wao unatoka serikalini.

Mzee anasema enzi zao hakukuwa na mambo ya kuchagua, sheria ya 1977 ilikataza hospitali za biashara, ukawa na za serikali na za dini tu mpaka iliporekebishwa 1991. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zote zilijengwa kwa nguvu za makanisa, zikafunguliwa 1971, na ndo hospitali za rufaa za kanda mpaka leo.

Na msidanganyike na muonekano. Aga Khan ya Dar watu kibao wanaiweka kundi la biashara kwa sababu ya bei, kumbe iko chini ya taasisi isiyo ya faida. CCBRT, hospitali nyingine ya Dar, nayo haigawi faida kwa mtu, na akina mama wenye fistula (tundu linalovujisha mkojo au kinyesi baada ya uzazi mgumu) wanatibiwa bure kabisa. Halafu Machi 2024 NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, walipoleta kitita kipya cha bei wanazozilipa hospitali, hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kupokea kadi zao, zikisema kwa bei hizo hesabu haifiki.

Nyota zangu: misheni nne, moja nimekata kwa ajili ya choo na yule nesi mmoja wa usiku, nyie wakubwa muongezeeni mwenzake. Ya vioo tatu, na ukienda omba makadirio ya bili kwa maandishi kabla hujalazwa, halafu kila siku jioni uliza imefika ngapi, watakuchukia ila uliza. Mke wangu akisoma hapa atasema nne na nusu. Yeye alikuwa kalala, bili nilisoma mimi.